Mtoto hatulii fasi moja: tuanzie wapi?

Shule zikifunguliwa mwezi wa tisa, hazipiti wiki nyingi kabla wazazi wa watoto wa materneli (chekechea) hawajaanza kunijia na daftari la mawasiliano mkononi. Maneno ya mwalimu hufanana: haketi, anasukuma wenzake, anatoka darasani bila ruhusa, anaanza kila kitu na hamalizi chochote. Siku hizi kuna neno jingine, TDAH (kifupi cha Kifaransa cha hali ya kukosa umakini na utulivu; Waingereza husema ADHD), ambalo wazazi wamelisoma kwenye simu au wameambiwa na jirani. "Docta, wanasema huyu mutoto ana TDAH. Tumpe dawa gani?"

Mimi ni daktari wa watoto hapa Lubumbashi, Kongo, na wengi ninaowaona hawajafika miaka sita. Nawaandikia wazazi, mabibi wanaolea wajukuu na walimu wa materneli, kwa sababu naona tunakimbilia jina la ugonjwa na dawa yake kabla ya kumtazama mtoto mwenyewe. Kwa umri huu nauliza kwanza mambo mengine: anafanya hivyo wapi, saa ngapi, akiwa na nani, na tangu lini?

TDAH ipo, wala si maneno ya Wazungu. Ni hali ya ukuaji wa ubongo: uwezo wa kusubiri zamu, kujizuia na kushika jambo moja mpaka liishe unakomaa kwa shida kuliko kwa wenzake. Tafiti nyingi za dunia zikijumlishwa zinaonyesha inawagusa watoto kama 5 kwa kila 100. Inarithiwa sana katika familia, mara nyingi nikimweleza baba dalili za mwanawe, bibi aliyekaa pembeni anatikisa kichwa na kusema, "Hata huyu baba yake alikuwa vilevile." Haitokani na mama kudekeza mtoto, wala na sukari. Habari ya sukari ilipimwa vizuri, watoto wakipewa vyakula vyenye sukari na visivyo na sukari bila wao wala wazazi kujua ni vipi, na majibu yaliyokusanywa mwaka 1995 hayakuonyesha kwamba sukari inabadilisha tabia yao. Punguzeni peremende kwa ajili ya meno.

Shida ni kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne mwenye afya kamili naye hatulii. Ndivyo alivyo. Mtoto wa miaka minne akikaa dakika tano hadi kumi kwenye kazi ambayo hakuichagua mwenyewe, amejitahidi. Kwa hiyo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, ambao wengi wetu tunautumia, hautoshelezwi na mtoto mwenye fujo. Dalili ziwe nyingi, zidumu miezi sita au zaidi, zizidi sana umri wake, zionekane mahali pawili au zaidi, na ziharibu maisha yake: hana rafiki, anaumia kila mara, hajifunzi. Anayesumbua shuleni peke yake, nyumbani ametulia, ananifanya niulize kuhusu shule. Anayesumbua nyumbani tu ananifanya niulize kuhusu nyumba. Na kabla ya miaka minne mimi sitamki jina hilo kabisa.

Angalieni pia tarehe ya kuzaliwa. Wazazi wengi wanaharakisha mtoto aingie materneli mapema, na mtoto wa miaka miwili na nusu anajikuta kwenye benchi moja na wa miaka mitatu na nusu. Mwaka mmoja kwa umri huo ni mwingi mno. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba watoto wadogo kuliko wote darasani ndio wanaobandikwa jina la TDAH mara nyingi zaidi, na kosa lao ni kuzaliwa karibu na tarehe ya mwisho ya kuandikishwa.

Kisha kuna magonjwa yanayovaa sura ya TDAH, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Naanza na masikio. Mtoto ambaye sikio lake limetoka usaha mara kwa mara anaweza asisikie vizuri. Unamwita hageuki, unamwagiza hafuati, unasema ni mkaidi. Nasimama nyuma yake na kumnong'oneza jina la kitu anachokipenda. Asipogeuka, namtuma akapimwe masikio kabla ya jambo lolote lingine. Pili, usingizi. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi, ambaye pumzi yake inakatika kisha anashtuka, huenda mafindofindo au vinyama vya nyuma ya pua vimeziba njia ya hewa. Mtu mzima asiyelala vizuri anasinzia mchana. Mtoto asiyelala vizuri anaruka juu ya viti. Tatu, damu. Malaria za kurudiarudia, minyoo na chakula cha bukari (ugali) na lengalenga (mchicha) peke yake vinaweza kumwacha bila chuma cha kutosha mwilini, na ubongo unaokosa chuma hauwezi kutulia.

Kuna kifafa ambacho hakiangushi mtu. Mtoto anaongea, ghafla anakatika katikati ya neno, macho yamekodoa, ukimgusa bega hajui, baada ya sekunde chache anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anaandika: "Anaota ndoto darasani." Aliyezubaa tu, ukimgusa anarudi, mwenye kifafa hiki harudi mpaka kipite. Nikishuku, nampa karatasi niliyoikunja ili izunguke ikipulizwa, namwambia aipulize bila kuacha, dakika mbili tatu. Kupuliza kwa nguvu namna hiyo mara nyingi kunakileta kifafa mbele ya macho yangu, na mama aliye pale anasema, "Ndiyo hii, ndiyo hii tunayoionaka!" Matibabu yake ni tofauti kabisa.

Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Fenobarbitali, ambayo mnaijua kwa jina la Gardenal, hutolewa sana kwa watoto waliopata degedege, na ni dawa yenye faida. Lakini kwa baadhi ya watoto inaleta fujo, hasira na kukosa usingizi. Mtoto akibadilika baada ya kuianza, rudini kwa daktari aliyeiandika. Msiikatishe wenyewe: ikikatwa ghafla, degedege inaweza kurudi kwa nguvu. Sirapu za mafua zinazoleta usingizi ni hivyohivyo. Ninawasihi msizitumie kumlaza mtoto msumbufu. Wengine wakizinywa wanachachamaa zaidi, na kwa wadogo sana zinaweza kuzuia pumzi.

Kwetu Lubumbashi siwezi kuacha habari ya udongo. Tunaishi juu ya madini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulikuta metali nyingi, zikiwemo kobalti na madini ya risasi (plomb), kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na miongoni mwa alama zake ni hizihizi: kukosa umakini, kukurupuka, kuchelewa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na tangu mwaka 2021 linashauri kwamba damu ya mtoto ikifikia mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kwa hiyo nauliza: baba anafanya kazi gani? Anarudi nyumbani na nguo za mgodini? Kuna mtu anayevunja betri za gari ndani ya palseli (ua wa nyumba)? Rangi ya zamani inabanduka ukutani? Mtoto anakula udongo? Kipimo cha damu si rahisi kupatikana, lakini kunawa mikono kabla ya kula, kufuta sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi likapaa, kuacha nguo za kazi nje na kuzifua peke yake, hayo hayangoji maabara.

Napokea pia watoto wa familia zilizokimbia vita vya mashariki. Mtoto aliyesikia mabomu anashtuka kwa kila mlango unaogongwa, halali, hasikilizi mwalimu kwa sababu masikio yake yanalinda mlango. Huyo anahitaji usalama na mtu wa kukaa naye, na kumwita mwenye TDAH ni kumpoteza njia.

Sasa niseme lililo zito. Katika mji huu mtoto asiyetulia, hasa akiwa yatima au akiwa analelewa na mke wa pili wa baba, anaweza kuitwa mulozi. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, ananyimwa chakula kwa jina la kufunga, anapigwa ili "kitoke". Nimewaona watoto hao, nimewaona migongo. Sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya Januari 2009, inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Mchungaji anayetaka kumwombea mtoto amwombee akiwa ameshiba, amelala, na mama yake amemshika mkono. Mtoto wa miaka minne hafungi chakula kwa sababu yoyote ile.

Tukishayapima hayo yote, tukabaki na mtoto ambaye kweli anaonekana kuelekea TDAH, tunafanya nini? Miongozo mikubwa inakubaliana hapa. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2019, wanasema kwa mwenye miaka minne na mitano tuanze na kuwafundisha wazazi na walimu namna ya kumwongoza. Waingereza, mwaka 2018, walisema vivyo hivyo kwa walio chini ya miaka mitano. Dawa ya TDAH iitwayo metilfenidati ilijaribiwa kwa watoto wa materneli katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2006: ilisaidia, lakini kidogo kuliko kwa wakubwa, na madhara yalikuwa mengi zaidi, kama kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi na kulialia. Kwa hiyo wazazi wanaotoka kwangu bila karatasi ya dawa hawajanyimwa matibabu. Matibabu ni haya yanayofuata, na ni magumu kuliko kumeza kidonge.

La kwanza ni dakika kumi za mchezo kila siku. Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja, simu imezimwa. Mtoto ndiye anayechagua: vizibo vya chupa, mawe, gari la waya. Wewe husahihishi, huulizi maswali, hufundishi kuhesabu. Unataja tu anachofanya: "Umepanga vizibo vyekundu. Sasa unaongeza kimoja." Wazazi wengi wanaona ni mchezo usio na maana, wanauacha siku ya tatu. Naomba msiuache. Mtoto anayesikia jina lake kutwa nzima kwa ukali peke yake ameshajifunza kwamba njia ya kuonekana ni fujo. Dakika hizi zinamfungulia njia nyingine, na ndipo maagizo yenu yanapoanza kushika.

Maagizo nayo yana namna yake. Usipige kelele kutoka jikoni ukikoroga bukari. Nenda alipo, inama, mtazame machoni, mwite jina, sema jambo moja: "Kasongo, weka viatu mlangoni." Usiseme "acha fujo", kwa maana hajui afanye nini badala yake. Kisha nyamaza, hesabu moyoni mpaka tano. Akifanya, sema alichofanya papo hapo: "Umeweka viatu mlangoni mara moja, vizuri sana!" Kusema "mtoto mwema" tu hakumwambii kitu. Asipofanya, rudia mara moja, kisha kuwe na matokeo madogo ya palepale: kile alichokuwa anachezea kinawekwa juu kwa muda mfupi. Akipiga mwenzake, anakaa kando dakika tatu au nne, bila hotuba, bila matusi. Fimbo inamnyamazisha leo. Kwa miezi, watoto wanaopigwa huzidi kuwa na hasira na kupiga wengine.

Katika palseli zetu ugumu hauko kwa mtoto. Uko kwa watu wazima walio wengi. Mama anakataza, bibi anaruhusu, mjomba anacheka, shangazi anachapa. Mtoto huyu anahitaji sheria chache kuliko wengine, na zisibadilike. Chagueni tatu tu, kwa mfano hatupigi, hatutoki getini peke yetu, tunanawa kabla ya kula, na wote mzishike kwa maneno yaleyale. Baba ambaye hayupo wiki nzima kwa sababu ya kazi ya mgodi aambiwe kwa simu. Mpeni pia nafasi ya kukimbia: kwa watoto wa miaka mitatu na minne Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 mwendo wa dakika 180 kwa siku, usingizi wa saa 10 hadi 13, na skrini isizidi saa moja. Kumpa simu ili atulie ni kawaida siku hizi, lakini usiku inamla usingizi.

Walimu wa materneli nawaheshimu sana. Najua wengine wana watoto wengi kwenye chumba kimoja. Hata hivyo, mkalisheni mbele, mbali na dirisha. Mpeni kazi ya mwili kabla hajaitafuta: apeleke chaki, agawe daftari, afute ubao. Kateni kazi vipande vifupi, na katikati darasa zima liimbe likiruka. Kwenye daftari la mawasiliano andikeni kila siku jambo moja alilofanya vizuri, kabla ya kosa lolote. Daftari lenye makosa tu linageuka kuwa kiboko jioni. Na mtazameni yule msichana aliye kimya nyuma, anayepoteza kalamu kila siku na asiyemaliza mchoro. Hasumbui mtu, ndiyo maana hakuna anayemleta kwangu.

Mkiamua kumwona daktari, kwa wiki mbili andikeni kwanza kilichotokea kabla ya fujo, mtoto alifanya nini, na ninyi mlifanya nini baadaye. Mwombeni mwalimu aandike vilevile, bila kuonyeshana. Leteni kadi ya kliniki, majina ya dawa zote alizowahi kunywa, pamoja na za kienyeji, na video fupi akiwa amelala kama anakoroma. Kama bibi ndiye anayeshinda naye, mje na bibi.