Umoja wa Waumini: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

"Kanisa la kwanza halikuwa na ugomvi."

Hii ndiyo dhana inayotuumiza zaidi, maana kila tukikwaruzana kanisani tunajiona tumepoteza kitu ambacho wao walikuwa nacho. Wengi husoma Matendo ya Mitume sura ya 2, waumini wakimega mkate kwa furaha, kisha wanafunga kitabu. Wangefika sura ya 6 wangekuta manung'uniko: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea waliolalamika kwamba wanaleta mgawanyiko. Walikusanya waumini wote, wakachaguliwa wanaume saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Tazama majina hayo, yote ni ya Kiyunani. Inaelekea upande ulioonewa ndio uliokabidhiwa ugawaji! Sijui ni kamati ngapi za kanisa leo zingethubutu kufanya hivyo.

Na Korintho je? Huko watu walijigawa kwa majina ya wahubiri, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa, yaani Petro. Kwenye meza ya Bwana yenyewe mmoja alikaa na njaa na mwenzake akalewa. Ile sura ya 13 ya 1 Wakorintho, ile ya upendo, inayopendwa sana harusini, iliandikiwa watu hao hao.

"Mwenye upendo hunyamaza."

Petro alikuwa akila na waumini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kule Antiokia. Walipofika Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga kwa hofu, hata Barnaba akachukuliwa na unafiki huo. Paulo alimpinga mbele ya wote (Wagalatia 2), kwa sababu kunyamaza kungewaacha ndugu wengine wakiwa waumini wa daraja la pili. Lakini aya hii isigeuzwe kibali cha kutukanana. Mathayo 18 inaagiza uanze na ndugu yako mkiwa wawili tu, na wengi wetu tunaanza na watu wa tatu. Paulo na Petro hawakubaki maadui: Waraka wa Pili wa Petro unamwita Paulo ndugu mpendwa.

"Waliotengana wamekwisha."

Paulo na Barnaba waligombana juu ya Marko hadi wakaachana njia. Miaka baadaye, katika 2 Timotheo, Paulo anaomba aletewe Marko huyo huyo, maana anamfaa.

"Umoja ni kufanana."

Warumi 14 inawaacha walao kila kitu na walao mboga tu wakae pamoja, bila huyu kumdharau wala yule kumhukumu. Jambo hili limewashinda hata wakubwa. Mwaka 1529 mjini Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli, viongozi wa Matengenezo ya Kanisa, walikubaliana hoja 14 kati ya 15, wakashindwana juu ya Meza ya Bwana. Tofauti nyingine huchukua karne kulegea: laana zilizotolewa kati ya Roma (Wakatoliki) na Konstantinopoli (Waorthodoksi) mwaka 1054 zilifutwa mwaka 1965, na Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, mwaka 1999. Makanisa hayo hayajawa kanisa moja, ila ni vigumu sasa kusema hakuna kilichobadilika.

"Ugomvi wa wawili ni wao wenyewe."

Euodia na Sintike walikuwa wanawake waliotaabika pamoja na Paulo katika Injili, kisha wakafarakana. Waraka kwa Wafilipi umeandikwa kwa waumini wote wa mji ule, na humo Paulo anawataja wote wawili kwa majina, akimsihi kila mmoja kwa zamu yake, kisha anamwomba mwenzao mwingine awasaidie. Chanzo cha ugomvi hakukisema, wala nani kati yao alikuwa na haki.