Gemu la kikubwa ni katuni tu? Hapana wapendwa

Kuna hii kauli ya miaka mingi kwa madeveloper wetu wa Bongo: gemu la kikubwa (lenye mambo ya ngono) ni michoro, hamna mtu halisi, wateja ni wazungu na seva iko Marekani, so sheria ya hapa haikuhusu. Naielewa inakotoka ila sio kweli, na nisingependa kijana aigundue akiwa polisi.

Tuanze na michoro. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 175 inagusa hadi kutengeneza vitu vya aibu kwa ajili ya biashara, na michoro imetajwa humo waziwazi. Halafu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, kuchapisha ponografia kwa kompyuta ni faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7 au vyote, na hiyo ndo ya chini, ikionekana ni chafu zaidi inapanda milioni 30 au miaka 10.

Seva nayo haikufichi. Wewe umekaa Sinza, laptop mezani, unabonyeza kitufe cha kupublish, hicho kitendo kimefanyika Tanzania hata kama mnunuzi yuko Berlin.

Kuhusu hela, Julai 2025 itch.io, tovuti ya kuuzia magemu, waliyaondoa magemu ya kikubwa kwenye search sababu ya presha ya kampuni za malipo. Yani hata huko mnakosema ni huru, mauzo yanaweza kukauka ghafla. Na mhusika akichorwa kama mtoto, hapo ni kifungu kingine kabisa na kizito, usiguse.