Metali nzito na hayo mnayoyaita "madini mazito"

Wifi yangu amekuja kutoka Chemba, ana mimba ya miezi sita. Jumamosi asubuhi aliinua sufuria yangu ya chai, akakwangua kwa kucha ule ukoko mweupe ulioganda chini, akaniuliza, "Wifi, haya si ndiyo yale madini mazito?" Kwao ndiko linakopita bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kwa hofu ya maji kuchafuliwa, neno hilo limeshika midomo ya watu. Nimelisikia mara nyingi nikaliacha lipite. Safari hii sikuweza, maana aliniambia hata vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki ameviweka kando: "Navyo si madini? Tena ya chuma."

Metali nzito ni metali ambazo kipande kidogo tu hulemea mkono: risasi, zebaki, kadimi, nikeli na wenzake. Lita moja ya maji ina kilo 1. Ujazo huohuo wa risasi una kilo 11 na ushee, wa zebaki kilo 13 na nusu. Wanakemia wenyewe hawajakubaliana mpaka uanzie wapi, na aseniki huhesabiwa humo ingawa si metali kamili.

Shida yangu ni hilo neno madini. Tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni machimbo, mahali panapochimbwa. Kwetu likapanuka likabeba kila kitokacho ardhini, tanzanaiti ya Mirerani hadi chokaa na chumvi. Kisha walimu wa lishe wakalichukua, wakatufundisha "vitamini na madini", wakimaanisha vitu ambavyo mwili haukai bila hivyo. Metali nalo limetoka Ulaya, na ukilifuata hadi Ugiriki ya kale utakuta lilianza na maana hiyohiyo ya machimbo. Yametoka shimo moja, ila Kiswahili cha leo kimeyagawia kazi. Anayesema "madini mazito" anairudisha risasi kwenye kapu moja na chuma cha mchicha, na mjamzito anayesikiliza hana namna ya kuzitenganisha.

Risasi yenyewe imepatwa na mkasa wa jina. Kwa Kiarabu ni jina la metali. Kwa kuwa ndiyo iliyoyeyushwa kutengenezea kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, jina likahamia huko. Leo ukimwambia mama kwamba mwanawe ana risasi kwenye damu, ataanza kutafuta jeraha.

Ule ukoko wa sufuria ni chokaa: kalsiamu na magnesiamu ambazo maji ya visima vyetu vya Dodoma yamezibeba kutoka kwenye miamba. Huonekana, na ulimi huyatambua maji yake. Risasi majini haina rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua, yenyewe inakolea.

Na hapa ndipo kalsiamu na risasi zinapokutana kwa ubaya. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaipeleka mfupani, ikakaa huko miaka na miaka. Mama akishika mimba, mifupa hutoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, na risasi hutoka nayo, ikavuka kondo hadi kwenye ubongo ambao bado unaumbwa. Mwili wenye upungufu wa chuma ndio unaofyonza risasi zaidi. Vidonge alivyoviweka kando wifi yangu ni sehemu ya ngao yake.

Kuhusu bomba, hofu yake naiheshimu. Mafuta ghafi huwa na nikeli na metali nyingine iitwayo vanadi, na tope la kuchorongea visima vya mafuta huweza kubeba chembe za risasi na kadimi, ambayo hujilimbikiza kwenye figo. Lakini visima hivyo viko Uganda, kando ya Ziwa Albert. Chemba ni njia. Mafuta yakivuja njiani, cha kuulizia kwanza ni benzini, kemikali iliyomo ndani ya mafuta hayo. Ogoniland, Nigeria, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilieleza kuhusu wanakijiji wa Nisisioken Ogale waliokuwa wakinywa maji ya kisima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Benzini si metali, si madini. Huharibu uboho na kuleta saratani ya damu, na kipimo chake ni kingine kabisa. Kijiji kikidai maji yapimwe "madini mazito" tu, kinaweza kuletewa majibu safi huku benzini imo.

Kwa hiyo, wifi, kwenye mkutano wa kijiji sema metali nzito, kisha taja benzini kwa jina lake. Ukoko wa sufuria uite chokaa. Na vidonge vyako anza tena leo usiku, uvimeze kwa maji na si kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.