Je, wajua kwa nini nyota wa kikapu wa kike hucheza ligi mbili kwa mwaka mmoja?

Mbeya mwezi Julai ni baridi ya blanketi mbili, na mechi ya WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, inayoanza saa moja jioni New York huku kwetu ni saa nane usiku. Wanaokesha ni wachache, na wana roho ngumu. Lakini mchezaji waliyemkeshea Julai wanaweza kumwona Januari amevaa jezi ya Fenerbahçe ya Istanbul, tena mapema jioni, maana saa ya Uturuki na ya Tanzania ni moja. Hajauzwa wala hajafukuzwa. Ana mikataba miwili, yote halali.

Chanzo ni kumbi. WNBA ilianzishwa na NBA, ligi ya wanaume ya Marekani, mwaka 1996 na msimu wake wa kwanza ukachezwa 1997 kwa timu 8. Kumbi zilikuwa za wanaume, nao huzitumia Oktoba hadi Juni. Wanawake wakapewa miezi iliyobaki, kiangazi cha huko, wakati ukumbi uko tupu na televisheni haina kikapu cha kuonyesha. Ligi nyingine ya wanawake, ABL, ilithubutu kucheza majira ya baridi sambamba na wanaume. Ikafa Desemba 1998 kabla msimu haujaisha. Ulaya nako ligi huanza karibu Oktoba na kumalizika masika, Aprili au hapo karibu. Kwa hiyo mchezaji akimaliza Marekani, Ulaya ndiyo kwanza wanaanza.

Mkulima wa Iringa au Njombe hahitaji kuelezwa sana hapo. Mvua zikikatika na mahindi ya juu yakikauka, anateremka bondeni kwenye vinyungu, analima mboga na maharage kwa unyevu uliobaki. Tofauti ni kwamba kwa wanawake hawa vinyungu ndivyo vilivyokuwa vikilipa kuliko shamba kubwa.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Diana Taurasi. Klabu ya UMMC Ekaterinburg ya Urusi ilikuwa ikimlipa takriban dola milioni 1.5 kwa msimu, wakati Phoenix Mercury, timu yake ya Marekani, ilimlipa chini kidogo ya dola 107,000. Mwaka 2015 Warusi wakamlipa ili msimu wa Marekani asicheze kabisa, apumzishe mwili. Akakubali. Binafsi sioni nani angekataa.

Pengo hilo halikuletwa na wingi wa mashabiki. WNBA ina ukomo wa mishahara unaowekwa kwa makubaliano na chama cha wachezaji, kwa hiyo hata timu yenye pesa haiwezi kumpa nyota inachotaka. Caitlin Clark alipoingia 2024, watu wakijaa ukumbini kumtazama, mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola 76,535. UMMC, mwenye klabu ile ya Ekaterinburg, ni kampuni kubwa ya madini ya shaba. Haikuishi kwa tiketi. Mwenye mali alitaka makombe na sifa, akalipa.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana: nafasi. Mwaka 2024 WNBA ilikuwa na timu 12, kila moja isiyozidi wachezaji 12. Hiyo ni nafasi 144, na mwaka huo timu zilichagua chipukizi wapya 36 wa kuzigombea. Wengi wao hukatwa kambini kabla ya mechi ya kwanza. Kwao Uturuki, Hispania, China au Australia si kibarua cha pembeni, ndiyo ajira yenyewe.

Mwili hulipa gharama. Aprili 2019 Breanna Stewart, mchezaji bora wa WNBA wa 2018, alikatika kano ya kisigino katika fainali ya Ulaya akiwa na Dynamo Kursk, na msimu wote wa Marekani ukampita akiuguza mguu. Kisha ikaja Februari 2022: Brittney Griner, akirudi Urusi kuichezea Ekaterinburg, alikamatwa uwanja wa ndege wa Moscow na mafuta ya bangi kwenye mizigo, akahukumiwa miaka 9. Aliachiwa Desemba mwaka huohuo kwa kubadilishana na Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha. Vita vya Ukraine navyo vikafunga soko la Urusi kwa Wamarekani.

WNBA ikakaza kamba pia. Kwa kanuni iliyoanza kung'ata 2023, mchezaji mzoefu aliyechelewa kurudi kutoka nje aliadhibiwa, na kuanzia 2024 kuikosa kambi kulimaanisha kuukosa msimu. Ndipo Stewart na Napheesa Collier wakaanzisha ligi yao, Unrivaled, iliyoanza Miami Januari 2025: watatu kwa watatu, majira ya baridi, na wachezaji wenyewe wana hisa. (Taurasi, Stewart na Collier wote walisoma Chuo Kikuu cha Connecticut, kilekile alichotokea Hasheem Thabeet wetu alipochaguliwa wa pili NBA mwaka 2009.)

Je, binti anayecheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, Mbeya au Iringa anaweza kufika huko? Mwadi Mabika alitoka Kinshasa, akaingia Los Angeles Sparks, timu ya WNBA, mwaka ule wa kwanza, 1997, na akatwaa ubingwa 2001 na 2002. Kuna kanuni moja ya kujua mapema. Mmarekani huchaguliwa akitimiza miaka 22 au akihitimu chuo. Mgeni ambaye hakuchezea chuo cha Marekani anaweza kuchaguliwa mwaka anaotimiza 20. Akichukua ufadhili wa kusoma huko, anasubiri foleni ya Wamarekani.