Ngata: mizigo iliyovuka Ruvuma

Nikifundisha historia ya ukombozi wa Msumbiji hapa Mtwara, wanafunzi huanza na bunduki: ilikuwa ya aina gani, ilitoka nchi gani. Mimi huwatolea ngata. Ni kipande cha kanga nilichosokotewa na bibi mmoja wa Newala, Mmakonde aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa msichana akaolewa huku huku. Alikizungusha mara mbili, akakipachika kichwani mwangu, akakibonyeza kwa kiganja. "Sasa weka sanduku la risasi," akasema.

Vita vilivyoanza Chai, katika jimbo la Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Septemba 1964, vilitembea juu ya ngata. Ng'ambo ya Ruvuma FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, haikuwa na njia ya kupitisha malori huku ndege za Wareno zikizunguka. Kwa hiyo risasi, dawa, nguo na chumvi viliteremshwa mpakani, vikavushwa mto, kisha vikapanda kichwani mwa watu, na wanawake walikuwa wengi mno katika misafara hiyo. Wakirudi walibeba korosho, ufuta na karanga za maeneo yaliyokombolewa, zikauzwa upande wetu. Ndiyo maana hunikera kusoma kwamba wanawake "walisaidia" vita. Mwondoe mbebaji, uone kama mpiganaji wa Mueda, huko huko Cabo Delgado, atabaki na cha kufyatua.

Mwaka 1967 wasichana walianza mafunzo ya kijeshi Nachingwea, mji wa huku kusini mwa Tanzania uliokuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza wakati wa ukoloni. Ndicho Kikosi cha Wanawake. Miongoni mwao alikuwamo Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji huru. Wapo wanaume ndani ya chama waliopinga. Lakini msichana mwenye bunduki akiingia kijijini kuhamasisha, kijana wa kiume aliyekuwa anasitasita aliona haya kubaki nyumbani. Josina alishika pia shughuli za kuwatunza yatima wa vita. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25, na Msumbiji huiadhimisha siku hiyo kama Siku ya Mwanamke.

Nilimuuliza bibi ni mzigo gani ulimchosha zaidi. Nilidhani atataja masanduku.

"Chumvi, mjukuu wangu. Mvua ikikukuta njiani inayeyuka, inakushukia shingoni mpaka mgongoni, na ngozi imeshachubuka kwa miiba. Na huwezi kuutua, wenzio wako mbele."