Kiyoyozi cha barafu: umeme wa usiku, ubaridi wa mchana

Fundi wa AC mjini Malindi akikuambia chumba chako kinataka mashine ya 12,000, anataja BTU, kipimo cha joto, kwa saa, na kiwango hicho huitwa tani moja. Tani ya nini? Ya barafu. Ni ubaridi unaopatikana kilo 907 za barafu, yaani tani fupi ya Kimarekani, zikiyeyuka kwa muda wa saa 24. Kwa kipimo cha umeme ni kilowati 3.5 za ubaridi.

Akiba ya barafu inarudi kwenye asili hiyo. Mtambo hugandisha maji usiku, umeme ukiwa wa bei nafuu, kisha mchana barafu inayeyuka na kupoza jengo huku kompresa ikipumzika au ikifanya kazi kidogo.

Siri yake ni joto fiche. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 bila kupanda hata nyuzi moja. Kilo ya maji baridi ikipanda kutoka nyuzi 5 hadi 13 hunyonya kama 33 tu, kwa hiyo ukitaka kuweka akiba kwa maji matupu utahitaji tangi kubwa mara kumi. Mvuvi wa Lamu anayepakia barafu chomboni analijua hili bila hesabu: samaki hubaki kwenye baridi ileile mpaka kipande cha mwisho kiishe. Tani moja ya kawaida ya barafu, kilo 1,000, hubeba kilowati-saa 93 za ubaridi.

Ndani ya tangi mna koili za plastiki au chuma zilizozama majini. Usiku, maji yaliyochanganywa na glaikoli (kimiminika kinachozuia maji yasigande) kama asilimia 25 hupita humo yakiwa nyuzi 4 hadi 6 chini ya sufuri, na barafu hujijenga kuzunguka bomba. Mchana pampu hupitisha mchanganyiko uleule ukitoka jengoni na joto, nao hupoa kwa kuyeyusha barafu. Vali ya njia tatu huchanganya uliopoa na usiopoa ili jengo lipate nyuzi linazotaka.

Chukua jengo la ofisi linalohitaji wastani wa tani 20 za ubaridi kwa saa 10. Hizo ni kilowati-saa 703, sawa na barafu tani 7.6 kabla ya kuhesabu upotevu. Ukitaka yote itoke usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, mtambo lazima utoe tani 25 za ubaridi kwa saa zote nane. Na kwa kuwa mtambo ukigandisha hutoa kama asilimia 65 tu ya uwezo wake wa kawaida, utanunua wa tani 38 au zaidi. Ghali! Wengi huchagua akiba ya nusunusu: mtambo wa tani 14 hivi hugandisha usiku, mchana huendelea kupoza, na barafu chini ya tani 3 huziba pengo.

Hapa ndipo wauzaji hupenda kunyamaza: barafu haipunguzi uniti, inahamisha saa zake. Kuivuta gesi ichemke chini ya sufuri kunakula umeme zaidi kwa kila kipimo cha ubaridi. Jangwani usiku wa baridi hufidia hasara hiyo, kwa kuwa kondensa, sehemu ya nje inayotupa joto, hupumua hewa baridi. Pwani yetu wakati wa kaskazi, usiku hupungua joto nyuzi chache tu. Faida basi hutoka kwenye bili. Kenya Power ina punguzo la saa za usiku kwa wateja wa biashara na viwanda, na wateja wakubwa hutozwa pia kwa kVA, yaani kilele cha matumizi yao katika mwezi. Anayenunua tokeni nyumbani analipa bei ileile adhuhuri na usiku wa manane, asijisumbue.

Hoteli nayo ifikiri mara mbili. Vyumba vya wageni hutaka ubaridi saa zilezile za kugandisha. Penye kufaa ni benki, ofisi, ukumbi wa arusi, au msikiti unaojaa Ijumaa adhuhuri: mtambo mdogo hukusanya barafu polepole kwa ajili ya saa mbili za watu wengi.

Mambo huharibika wapi? La kwanza ni barafu kuisha saa tisa alasiri. Mtambo unaamka kwa nguvu zote, kVA inapanda, na alasiri hiyo moja inafuta faida ya kVA ya mwezi mzima. Pima barafu kwa kina cha maji tangini, kwani maji yakiganda huongezeka ujazo kama asilimia 9, na weka kikomo cha barafu ya kuyeyushwa kila saa katika programu ya kuongoza mtambo.

Kosa la kinyume ni kugandisha kupita kiasi. Barafu za mabomba jirani hushikana, maji hayapiti katikati, na vipande vilivyobaki vikigandishwa tena na tena vinaweza kupinda koili. Yeyusha tangi lote mara moja kwa wiki.

Usitie glaikoli ya redieta ya gari: silikati zake huacha utando. Tumia ya viwandani yenye dawa ya kutu, na upime nguvu yake kwa refraktometa, kwa maana kila uvujaji unaojaziwa maji matupu huipunguza, mpaka siku moja mchanganyiko unaganda ndani ya mtambo na kupasua mirija.

Kisha kuna hewa yetu ya chumvi na unyevu. Sponji inayovishwa bomba ikiwa na mwanya wa kidole, jasho hutiririka darini na chuma huoza chini yake bila kuonekana. Gundi kila kiungo. Mapezi ya kondensa yapakwe rangi ya kinga na yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi.

Mwenye sola juu ya paa anaweza kugeuza saa kabisa: agandishe saa sita mchana, ayeyushe baada ya magharibi, wakati gridi ya Kenya inapoelemewa zaidi. Tangi ni lilelile. Kinachobadilika ni ratiba.