Serikali kumlinda anayeilaumu: dhana na ukweli

"Serikali imgharimie mtu anayeitukana kila siku?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi kuhusu watetezi wa haki za binadamu, tena na watu wenye akili timamu. Shida ya swali lenyewe ni kwamba limeshaamua mambo kabla ya kuuliza.

Dhana: Msaada ni pesa. Hasha. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki za binadamu, lililopitishwa Desemba 9, 1998, linaitaka dola imkinge mtetezi dhidi ya vitisho na visasi, na haki zinapovunjwa ichunguze upesi bila upendeleo. Ruzuku si sharti. Fedha mtetezi ana haki ya kujitafutia: kifungu cha 13 kinamruhusu kuziomba, kuzipokea na kuzitumia, wala hakibagui za ndani na za nje. Wale wa "analipwa na wazungu huyo" wangekisoma kwanza.

Dhana: Mtetezi ni wakili mwenye ofisi mjini. Kinachomfanya mtu mtetezi ni kazi anayoifanya, si cheti. Mama anayezunguka vituo vya polisi akiulizia vijana wa mtaa waliopotea ni mtetezi, hata kama hajui kwamba anaitwa hivyo.

Dhana: Kumlinda ni kumwekea askari mlangoni. Hapa ndipo pagumu. Kolombia tangu 2011 ina idara nzima ya serikali ya kazi hiyo, yenye walinzi, magari na fulana za kuzuia risasi. Hata hivyo, kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa nchi ambako watetezi wengi zaidi duniani wanauawa.

Na je, anayekutisha akiwa ndiye mwenye sare? Juni 2016 wakili Mkenya Willie Kimani alitoka mahakamani Mavoko pamoja na mteja wake, mwendesha bodaboda aliyekuwa amemshtaki polisi, na dereva wao wa teksi. Wakatekwa na kufungiwa katika kambi ya polisi Syokimau. Kimani alirusha nje kipande cha karatasi ya chooni alichoandika kuomba msaada. Miili yao watatu ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Askari mlangoni angemsaidia nini mtu huyo? Msaada wa dola ulianza pale ilipowashtaki watu wake yenyewe: Julai 2022 mahakama iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mtu wa mtaani aliyekuwa akiwapasha habari. Miaka sita, lakini haki ilifika.

Dhana: Sheria ikipita, yamekwisha. Côte d'Ivoire ilitangulia Afrika kwa sheria ya kuwalinda watetezi mwaka 2014. Kongo ya Kinshasa ilipata yake Juni 2023, na kichwa chake kinataja ulinzi *na wajibu* wa mtetezi. Neno hilo la pili silipuuzi. Nimeona wajibu ukifuatiliwa kwa bidii kuliko ulinzi.

Miaka 13 kabla ya sheria hiyo, mtetezi Mkongo Floribert Chebeya alikwenda kwa miadi makao makuu ya polisi Kinshasa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Mahakama za kijeshi zimewahukumu maafisa kadhaa wa polisi, lakini familia ya dereva wake, Fidèle Bazana, aliyepotea siku hiyo hiyo, haikukabidhiwa hata mwili wa kuzika.